Mgeni wa Siku ya Tatu: Shukrani kwa Kanisa la Eldoret

Ndani ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu mjini Eldoret kuna kaburi la Askofu Cornelius Kipng'eno arap Korir. Alifariki tarehe 30 Oktoba 2017 akiwa na umri wa miaka 67, akazikwa humo mwezi uliofuata. Nje ya kuta za kanisa hilo kuna uwanja. Mgeni akipita hataona cha ajabu, kwa maana viwanja vya makanisa vinafanana. Mwenyeji wa Eldoret anayekumbuka Januari 2008 hawezi kuupita bila kuwaza. Wakati huo uwanja ule uligeuka mji: mahema, moshi wa kuni, foleni za maji, watoto wachanga waliolala usiku wa baridi ya nyanda za juu, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu wapatao 10,000 waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi waliishi hapo.

Waswahili wana methali mbili za mgeni, na zinavutana. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza ni ya mlangoni, ya pili ni ya shambani. Historia ya Jimbo Katoliki la Eldoret, iliyoanza 1953, inaweza kusimuliwa kama safari kati ya methali hizo mbili. Kufungua mlango ni kazi, lakini mlango hufunguliwa mara moja tu. Siku ya tatu ndiyo ndefu.

Nyanda zisizo na mwenyeji wa milele

Jina la Uasin Gishu lenyewe ni kumbukumbu ya wageni waliopita. Ni jina la Wamaasai waliolisha ng'ombe wao hapa kabla ya vita vya karne ya 19 kuwatawanya. Kabla yao walikuwepo watu ambao wazee wa Kikalenjin huwaita Wasirikwa, na mashimo ya mazizi yao bado yanaonekana kwenye miteremko. Wanandi wakalisha mifugo yao kwenye majani yaleyale. Kisha wakaja Waingereza.

Kuja kwao kuliacha jeraha linalogusa moja kwa moja habari ya ukarimu. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi aliyeongoza upinzani kwa miaka mingi, alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Akauawa palepale. Kwa Wanandi, hadithi ya mkono ulionyooshwa kusalimia ukaleta mauti haijafutika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, msafara wa Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda nyanda hizi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukagawiwa mashamba. Shamba namba 64 ndilo lililozaa mji. Wazee hadi leo huuita Sisibo, matamshi ya Kikalenjin ya namba hiyo ya Kiingereza. Mwaka 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, na reli ikafika 1924.

Basi mwenyeji wa kwanza aliyeombwa kumkaribisha mhubiri wa Kizungu katika eneo hili alikuwa na sababu zote za kuufunga mlango. Hili huwa halisemwi kwenye sherehe za kumbukumbu, nalo ndilo la kwanza kushukuriwa: wenyeji walifungua hata hivyo.

Waayalandi na njaa ya Turkana

Wamisionari wengi wa mwanzo wa jimbo hili walitoka Shirika la Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa Kiltegan, Ayalandi, mwaka 1932. Mwaka 1953 Roma ilitenga eneo la Eldoret na kulifanya prefektura ya kitume. Mwaka 1959 likapandishwa kuwa jimbo kamili. Aliyeliongoza kutoka miaka hiyo ya mwanzo hadi 1970 ni Joseph Brendan Houlihan, mwana wa shirika hilo.

Eneo lake lilikuwa kubwa kupita kiasi. Lilianzia mashamba ya ngano na mahindi ya Uasin Gishu, likashuka Bonde la Kerio, likapanda milima ya Pokot, likaishia jangwa la Turkana. Huko Turkana wamisionari waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati wa njaa kali, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kugawa chakula. Mahubiri yalifuata baadaye. Mwaka 1968 Lodwar ikatengwa kuwa prefektura yake. Mwaka 1998 Kitale nayo ikawa jimbo. Jimbo mama likabaki na yale ambayo leo ni kaunti za Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo-Marakwet. Mzazi anayewagawia watoto mashamba akiwa hai huwa hapungukiwi na heshima, na ndivyo Eldoret ilivyofanya kwa Lodwar na Kitale.

Wageni wa Ayalandi waliacha alama hata pale ambapo watu hawakumbuki kwamba ni kazi ya Kanisa. Shule ya St Patrick's iliyoko Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio, ililelewa na Mabruda Wapatrisi. Mwaka 1976 akafika huko Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Alikuwa hajui lolote la kufundisha mbio. Miongo ikapita, naye akabaki Iten, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Mgeni alikuja kufundisha ramani, wenyeji wakamfundisha mbio, naye akazirudisha kwao zikiwa medali. Methali ya mgeni na mwenyeji imepata mifano michache iliyo bora kuliko huo.

Masista nao wasisahauliwe, kwa kuwa mara nyingi historia za majimbo huhesabu maaskofu na kuwaacha wanawake jikoni. Masista wa Assumption wa Eldoret ni shirika lililozaliwa humu humu jimboni. Shule, zahanati na parokia za eneo hili zimesimama kwa kazi ya mikono ya masista na makatekista, watu ambao majina yao hayamo kwenye mabamba ya marumaru.

Nyumba iliyohama kutoka Kampala

Mwaka 1970 Houlihan alimpisha John Njenga, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Eldoret. Njenga alikuwa Mkikuyu kutoka Kiambu, akiongoza jimbo ambalo waumini wake wengi walikuwa Wakalenjin. Alikaa hadi 1988 alipohamishiwa Mombasa.

Ni katika miaka yake ambapo Eldoret ilipokea mgeni wa aina nyingine: chuo kizima. Taasisi ya kichungaji ya maaskofu wa Afrika Mashariki, AMECEA, ilikuwa Gaba, karibu na Kampala. Utawala wa Idi Amin ulipozidi kuwa mgumu, taasisi hiyo ilihamia Eldoret mwaka 1976, na jina la Gaba likaja nalo. Mpaka leo kuna Gaba mjini Eldoret, mamia ya kilomita kutoka kijiji cha Ziwa Viktoria kilichoipa jina, nayo ilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi mapadri, masista na walei kutoka Malawi, Zambia, Tanzania, Uganda, Ethiopia, Sudan na kwingineko walikaa hapo kwa miezi, wakisoma na kula meza moja. Miaka hiyo hiyo ya 1970 maaskofu wa AMECEA walikuwa wameamua kwamba Kanisa la kanda hii lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: majirani wachache wanaokutana nyumba kwa nyumba, wakisoma Neno, wakiuliza nani mgonjwa na nani hana karo. Wazo hilo lina maana ya pekee mahali kama Eldoret. Jumuiya ndogo hukutana sebuleni mwa mtu. Wiki hii kwa Mama fulani Mluhya, wiki ijayo kwa Baba fulani Mnandi, kisha kwa Mkikuyu wa kona. Kila mmoja hupata zamu ya kuwa mwenyeji na zamu ya kuwa mgeni.

Moto wa Meteitei, moto wa Kiambaa

Lakini zamu hizo hazikutosha kuzuia moto, na historia ya shukrani isiyosema hivyo ni ngonjera tu.

Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa njia mbalimbali, mengi kupitia vyama na kampuni za ununuzi. Familia za Wakikuyu zilihamia Burnt Forest, Kiambaa na kwingine. Zingine zikaja na jina la kijiji walichotoka, na ndiyo maana kuna Kiambaa ya Kiambu na Kiambaa ya Eldoret. Wakalenjin wengi waliona ardhi ya babu zao ikipita kutoka kwa mgeni mmoja hadi mwingine bila kurudi kwao. Malalamiko hayo yalikaa chini kama makaa yaliyofunikwa majivu, na siasa ndiyo iliyoyapuliza.

Korir aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1990. Hakuwa mzaliwa wa Uasin Gishu. Alikuwa Mkipsigis, mmoja wa jamii za Wakalenjin, kutoka Bomet. Tarehe 29 Oktoba 1991, mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, ndani ya jimbo lake. Yakaenea kabla na baada ya uchaguzi wa 1992, na watu wa Burnt Forest wakakimbilia misheni. Askofu kijana alijifunza kazi yake katika viwanja vya parokia vilivyojaa magodoro.

Kisha ikaja Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na kabla usiku haujaisha nyumba zilikuwa zinawaka mjini na mashambani. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Walikufa makumi, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefanya kile ambacho Mkristo yeyote angefanya: walikimbilia nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo wale walioingia katika uwanja wa Kanisa Kuu siku hizo hawakuingia wakiamini kwamba ukuta wa kanisa unazuia chochote. Walijua haukuzuia Kiambaa. Waliingia kwa sababu kulikuwa na watu ambao wangesimama langoni, akiwemo askofu wa kabila lililohesabiwa kuwa adui wa wengi wao.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu, kama mpishi anavyoitazama. Mtu mmoja akila gramu 400 za unga kwa siku, watu 10,000 humaliza kilo 4,000. Hayo ni magunia zaidi ya 44 ya kilo 90, kila siku, na hapo hujaweka maharagwe, chumvi, mafuta, kuni za kupikia, maji, vyoo, maziwa ya watoto na dawa za wagonjwa wa kisukari na UKIMWI waliokimbia bila kubeba vidonge vyao. Barabara ya kutoka Nakuru ilikuwa na vizuizi vya mawe na magogo. Lori la unga halikuweza kupita bila kuulizwa ni la nani na linapeleka wapi. Ukarimu katika mahubiri ni neno jepesi. Katika uwanja ule ulipimwa kwa gunia na kwa pipa la maji.

Wala Wakatoliki hawakuibeba peke yao. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilihudumia maelfu wengine katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Waquaker, wenye mizizi mirefu magharibi mwa Kenya, walikwenda kwenye kambi za upande wa Turbo na Lugari kusikiliza walioumizwa. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ilipokea majeruhi usiku na mchana. Makanisa madogo mitaani yalificha watu bila kuandika popote. Katika wiki hizo wasiwasi wa madhehebu, nani abatize vipi na nani apokee komunyo wapi, ulikaa kando. Mama aliyekuwa anakoroga ugali kwenye sufuria kubwa hakuuliza anayeshika sahani anasali wapi.

Hata hivyo makanisa yenyewe hayakuwa safi. Wachungaji wengi walikuwa wameegemea kambi za kisiasa kwa kufuata kabila, na Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walishindwa na wakaomba radhi. Taasisi inayokiri hivyo huwa imeanza kupona. Mkataba wa kitaifa wa kumaliza mgogoro ulitiwa saini tarehe 28 Februari. Kufikia hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa nchini, na mamia ya maelfu walikuwa hawana kwao.

Jembe

Hapo ndipo methali ya pili ikadai haki yake. Uasin Gishu hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili zikianza. Mkulima aliye kambini mwezi Machi hana mahindi Desemba. Serikali ilianzisha mpango wa kuwarudisha watu mashambani mwezi Mei, lakini lori linaweza kumrudisha mtu shambani lisiweze kumrudishia jirani.

Askofu Korir na Tume ya Haki na Amani ya jimbo walikuwa wamejifunza jambo moja tangu miaka ya 1990: mkutano mkubwa wa hadhara, wenye vipaza sauti na wanasiasa, hauleti amani mashambani. Walianzia chini. Uzoefu huo ulichapishwa mwaka 2009 katika kitabu kiitwacho Amani Mashinani. Kinaeleza njia ya hatua kwa hatua: kuzungumza na mtu mmoja mmoja, kisha vikundi vidogo, kisha kula pamoja, kisha kila jamii kukutana peke yake na kutoa machungu yake bila kukatizwa, na baada ya hapo ndipo pande mbili zikutane. Mwisho huja makubaliano, sala za pamoja na miradi ya kuunganisha: barabara inayotumiwa na pande zote, josho la ng'ombe, shule, soko. Njia hiyo hiyo ilitumika kati ya Wapokot na Wamarakwet katika Bonde la Kerio, ambako ugomvi ni wa mifugo na malisho.

Chakula kimewekwa mapema katika orodha hiyo, kabla ya mkutano wa pande mbili, na mtu wa Eldoret anaelewa kwa nini. Nyumbani kwa Mkalenjin mgeni wa heshima hupewa mursik. Kibuyu, sotet, husuguliwa ndani kwa ufagio wa kijiti uitwao sosiot, kisha hupakwa mkaa wa mti uliochaguliwa, aghalabu senetwet, ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakatiwa na kuachwa siku kadhaa yagande. Yakimiminwa huwa na rangi ya kijivu-buluu na harufu ya moshi. Hakuna njia ya mkato. Kibuyu kisiposuguliwa vizuri maziwa huoza, na kibuyu kilichotumika jana lazima kisuguliwe tena leo. Kumpa mtu mursik ni kumwambia kwamba ulianza kumtayarishia siku nyingi kabla hajabisha hodi. Kuupokea na kunywa, kutoka mkononi mwa mtu uliyekuwa unamwogopa, ni kusema jambo ambalo mkutano mzima hauwezi kulisema.

Mwaka 2009 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilimpa Korir tuzo ya Milele kwa kazi ya maisha yake. Lakini kazi ya kibuyu haiishi. Uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022 ulikuta watu wa mashinani wakisugua tena, kimya kimya, bila kamera.

Nani mwenyeji

Ukiwahesabu waliokalia kiti cha askofu wa Eldoret, unakuta jambo la kufikirisha. Houlihan alitoka Ayalandi. Njenga alitoka Kiambu. Korir alitoka Bomet. Dominic Kimengich, aliyeteuliwa mwaka 2019, anatoka Baringo. Wote wanne walikuja. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa kwenye nyanda hizi. Nyumba iliyowapokea watu 10,000 imeongozwa na wageni tangu siku ya kwanza, na huenda ndiyo sababu ilijua kupokea. Aliyewahi kubisha hodi usiku husikia haraka hodi ya mwingine.

Shukrani za leo basi hazina mlengwa mmoja. Ni za Wanandi na Wakeiyo waliomfungulia mgeni licha ya kumbukumbu ya mwaka 1905. Ni za mapadri waliokufa mbali na Ayalandi, za masista wasio na mabamba, za makatekista waliotembea mabonde kwa miguu. Ni za Wakristo wa madhehebu mengine, na Waislamu wa Eldoret, waliogawana unga na hofu katika Januari ile. Ni pia za waliopokewa, kwa sababu wengi wao walirudi kuishi jirani na watu waliozitazama nyumba za wakimbizi hao zikiungua, kazi ngumu kuliko yoyote iliyofanywa na mwenyeji.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Wageni wanazidi kuja: wanafunzi, wanariadha, wafanyabiashara, wagonjwa wa kutoka kaunti za mbali. Jiji linahitaji maji, barabara na nyumba za kupanga, na litahitaji watu wanaojua kukoroga sufuria kubwa.

Kenya tuna swali moja la kumjua mtu kwao: atazikwa wapi? Watu huishi Nairobi miaka 50 na bado jibu ni kijijini. Ni desturi ya Kanisa askofu kuzikwa katika kanisa kuu lake, na kwa hiyo mtu anaweza kulipita kaburi la Korir akidhani ni utaratibu tu. Lakini mtoto wa Bomet amelala Eldoret, hatua chache kutoka uwanja aliowapisha wenzake walale. Alikuja mgeni, akashika jembe, na sasa hakuna anayeuliza kwao ni wapi.